Shuka Laini za Wodi ya Juu

Naapa, tena naapa nikiwa nimeshiba na akili zangu zote zimo kichwani, kwamba haya ni kweli tupu. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza pilipili. Kama uliwahi kunisikia nikieleza habari za nyoka aliyemeza ngazi, usinihukumu kwa ile. Ile ilikuwa ya kuchangamsha baraza. Hii ilitokea, na watu wake wengine bado wapo, waulize.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mkaguzi alipanda ngazi za hospitali mpaka ghorofa ya tano kwa miguu, kwa kuwa lifti ilikuwa imekufa tangu mvua zilipoanza, na mkononi alibeba kisanduku cha bati kama mtu aliyebeba mayai. Wauguzi walimwita Mama Visahani, si kwa dharau sana. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ugonjwa umeingilia mlango gani. Polisi wana raha, alizoea kusema, mwizi wao ana miguu na huacha alama ya kidole. Wa kwake hana mguu, hana mkono, na ukipiga kelele "mwizi!" ndiyo kwanza unamvuta ndani kwa pumzi.

Daktari wa wodi alimngoja mlangoni, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama. Umepata?"

"Marahaba. Nimepata majibu. Mwizi bado."

"Kesho saa sita mchana lazima nimtundikie Fundi, yule mgonjwa wa kitanda cha pili, dawa ya tatu. Nikichelewa hata wiki, saratani ya damu itainuka upya, na safari hii hatutaiweza."

"Na ukimtundikia?"

"Kinga yake itashuka hadi chini kabisa. Siku kumi, kumi na tano, hatakuwa na askari hata mmoja mwilini. Kama hiyo kuvu bado imo humu ndani..." Akafikicha macho. "Uongozi umesema, usipopata chanzo mpaka kesho saa sita, wodi inafungwa na wagonjwa wanarudi makwao."

Basi hesabu ilikuwa hiyo. Fundi akipewa dawa penye kuvu, kuvu itamla. Akirudishwa nyumbani bila dawa, damu yake itamla.

Wawili walikuwa wameshaliwa. Mwalimu Mkuu ndiye aliyeanza: pua kuziba kama mtu mwenye mafua, akatania kwamba ni vumbi la chaki limemfuata mpaka kitandani. Siku ya tatu shavu likavimba. Siku ya tano doa jeusi likatokea kwenye kaakaa. Siku ya tisa akazikwa. Akafuata dereva wa lori. Huyo walimwahi, wakampasua, wakamtoa jicho la kushoto ili kuokoa kichwa. Na kuvu yenyewe, ukiisikia ilivyo ya kawaida, utacheka. Ipo kwenye udongo, ipo kwenye matunda yaliyooza, wewe msomaji umeivuta leo asubuhi ukapiga chafya moja ukaendelea na chai. Kwako ni vumbi. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa, ni panya ndani ya ghala lisilo na mlinzi.

Mkaguzi alipanga visahani vyake mezani kwa Sista Mkuu, vile vidogo vya kioo vyenye rojo ya rangi ya chai, chakula cha kuvu. Jumatatu alikuwa amevigusisha kila mahali humo wodini, akavipeleka maabara viote.

Sista Mkuu alisimama amejishika kiuno. Alikuwa mwanamke mnene wa heshima zake, na wodi yake aliiongoza kama kambi. "Nimeshakwambia, dada yangu. Humu hata nzi akiingia huvua viatu."

"Sina ubishi. Tazama mwenyewe. Kiyoyozi."

"Safi!" Sista akapiga makofi. "Na watu walivyokisema vibaya!"

"Dari lenye unyevu: safi. Dirisha: vidoa viwili, si kitu. Droo ya kitanda cha pili."

Hapo Sista akainama kutazama. Jumatatu walikuta kipande cha mkate kwenye droo ya Fundi, kimefichwa ndani ya soksi, kimeota manyoya, na wodi nzima ilishangilia kwamba mchawi amekamatwa. Kisahani cha droo kilikuwa kimejaa kweli.

"Si ndiyo huo mkate! Nilisema!"

"Umeota kijani," Mkaguzi akasema. "Kijani kama majani ya uwanjani. Kilichotolewa kwenye jicho la dereva kilikuwa cha kijivu chenye vichwa vyeusi. Mkate una kesi yake, lakini si hii."

Akasogeza kisahani cha mwisho. Sista alirudi nyuma hatua moja. Manyoya ya kijivu yalikuwa yamejaa mpaka yanainua kifuniko, kama paka mdogo amejikunja humo akalala.

"Hicho kimetoka wapi?"

"Shuka. Kitanda cha nne, ilikuwa imetandikwa tu, hakuna aliyeilalia."

"Haiwezekani! Shuka ni zilezile za hospitali nzima. Wazazi kule chini wanalalia hizohizo, na vitoto vyao vichanga!"

"Nimepima na za wazazi. Vidoa vitatu."

"Basi umechanganya visahani."

"Nimewahi kuchanganya pacha wa dada yangu, nikamwogesha mmoja mara mbili. Visahani, sijawahi. Vua shuka zote, Sista, za vitanda vyote, polepole, usizikung'ute. Zitie kwenye mifuko ya nailoni ufunge. Wagonjwa watoke kwanza, na barakoa."

Sista Mkuu alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mjinga. Robo saa baadaye vitanda vilikuwa vitupu. Swali likabaki limesimama katikati ya wodi kama mgeni asiye na kiti: sabuni moja, mashine moja, dobi mmoja, kwa nini za chini ziwe na vidoa vitatu na za juu ziote paka?

Fundi alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha korido, kitambaa kichwani, nyusi hana, barakoa imefika mpaka chini ya macho. Alikuwa mwanamke fundi cherehani, na lalamiko lake kubwa hospitalini halikuwa saratani. Lilikuwa kunyang'anywa sindano.

"Mama Visahani, mmenihamisha kama kiti kibovu. Ni mkate wangu tena?"

"Mkate umeachiwa huru kwa dhamana."

"Afadhali." Akacheka, kisha kicheko kikakauka. "Niambie ukweli. Kesho natundikiwa au naenda nyumbani?"

"Inategemea nitakachokipata leo."

"Mimi nina mabinti wawili, pacha, wana miaka sita. Kabla sijaja huku niliwashonea sare za shule za kukulia. Nikashona saizi ya saba, ya nane, ya tisa. Kitambaa kikaisha." Alitazama vidole vyake. "Nikienda nyumbani bila hiyo dawa, hata hizo za saba sitaziona zikivaliwa. Kwa hiyo tafuta, mama. Tafuta sana."

Mkaguzi hakuwa mtu wa kushika watu mabega. Alichukua mfuko mmoja wa nailoni uliofungwa, akauinua mbele yake. "Hii ni shuka yako ya jana. Usiiguse. Itazame tu uniambie unaonaje."

"Unauliza mgonjwa au fundi?"

"Fundi."

Fundi alikaa wima. Ukimwona utadhani mtu amemrudishia cherehani yake. "Nimeilalia usiku kucha, sina haja ya kuigusa. Pamba kongwe hiyo, imefuliwa mara mia tatu, imelainika kama sikio la mbuzi. Wiki ya kwanza nilipolazwa chini, shuka zilikuwa mpya, zinakwaruza kama gunia. Nilipopandishwa huku nikasema, lo, kumbe huku juu tunapendwa."

"Zote za huku ni laini hivyo?"

"Zote. Sasa hebu igeuze. Unaona mistari ya mkunjo? Hesabu."

Mkaguzi akahesabu. Shuka ilikuwa imekunjwa mara nane, kibunda kidogo nadhifu.

"Ipige kiganja juu ya huo mstari, hapohapo ndani ya mfuko. Piga kwa nguvu, haikuumi! Umefutika?"

"Haujafutika."

"Nguo iliyokunjwa jana, ukiipiga hivyo mkunjo unakufa. Na mimi nimeulalia usiku mzima na mifupa yangu hii, bado upo. Hiyo shuka ilikaa kwenye mkunjo wiki mbili, tatu, imekandamizwa. Na ilikunjwa ikiwa mbichi. Kitambaa kikikunjwa na unyevu kinashika mkunjo kama kovu. Mteja akiniletea nguo ya hivyo namwambia, bibi, hii hukuitoa kambani, umeitoa sandukuni."

Mkaguzi aliirudisha shuka kwenye meza ya Sista, akashuka ngazi mbili mbili, na goti lake la kulia lilimkumbusha umri wake kila ghorofa.

Stoo ya shuka ilikuwa chini kabisa, chini ya ardhi, karibu na chumba cha kufulia. Aliyeitunza alijulikana kama Bwana Pasi. Hapa ni lazima nimweleze kwa haki: alikuwa mwanamume mtanashati, kajaaliwa sura, kajaaliwa meno, kajaaliwa ulimi wa asali, na hospitali nzima ilimpenda, kuanzia mganga mkuu mpaka paka wa jikoni. Alikuwa na miaka thelathini na moja kazini na mwezi mmoja tu kabla ya kustaafu. Alijibu kila alichoulizwa bila kutikisika.

"Karibu, mama mkaguzi! Chai?"

"Asante, nimekunywa. Shuka zinakaa siku ngapi humu?"

"Hazikai. Zinaingia asubuhi, zinatoka jioni. Shuka ya hospitali hii hailali, mama. Ingekuwa na mdomo ingeomba likizo."

"Mashine ya kukaushia?"

"Nzima. Inanguruma kama simba."

Mkaguzi alikwenda akaweka kiganja juu ya simba. Alikuwa wa baridi, na juu yake kuna vumbi lenye alama ya kitako cha kikombe.

"Leo amepumzika kidogo," Bwana Pasi akasema.

"Na za wodi ya juu unazitoa wapi?"

"Rundo hilohilo. Hapa hatubagui mtu."

Mkaguzi alipita mbele ya rafu moja baada ya nyingine. Shuka nyeupe, ngumu, nyingi zikiwa mpya. Zote zilikunjwa mara nne. Hakuona hata moja ya nane.

"Nani hapa hukunja mara nane?"

"Nane?" Bwana Pasi akakuna kidevu. "Labda yule mama wa zamu ya jioni. Yule anapenda makuu. Huyo mhoji vizuri, mama, huyo ni wa kuhojiwa."

"Nitamhoji." Mkaguzi akavuta shuka moja kutoka kwenye rafu, ikafumuka yote mpaka sakafuni. "Samahani, baba, mikono yangu leo. Nisaidie kuikunja. Na hilo goti lako? Nimekuona unachechemea kama mimi."

"Ah, goti!" Hapo alishikwa pale anapopenda. Alianza habari ya goti tangu ujana wake, jinsi alivyoruka ukuta akifukuzwa na mbwa wa mwenye nyumba, na jinsi yule mbwa baadaye akaja kumwomba radhi, na huku anaeleza mikono yake ikikutanisha pembe na pembe, ikinyoosha, ikigeuza, ikipiga kiganja. Mbwa hajamaliza kuomba radhi, shuka imeshakuwa kibunda kidogo juu ya meza.

Mkaguzi alihesabu kwa kidole. Moja, mbili, mpaka nane.

Mdomo umezoea kudanganya. Mikono haijafundishwa.

"Kabati lile nyuma ya meza ya pasi," Mkaguzi akasema kwa sauti ileile ya kuulizia goti. "Lina nini?"

"Nguo zangu za kazi."

"Ufunguo, baba."

Kabati lilikuwa la mbao, limeegemea ukuta unaotoa jasho. Lilipofunguliwa ilitoka harufu ya udongo baada ya mvua. Ndani zilipangwa shuka kuukuu, kibunda juu ya kibunda, kila sita zimefungwa kwenye nailoni safi, na nailoni kwa ndani ilikuwa na matone. Kwenye mistari ya mikunjo kulikuwa na nukta za kijivu, ndogo, nzuri hata, kama mtu amezinyunyizia majivu kwa makusudi.

Basi hapa nimebanwa, msomaji, na siwezi kukuzungusha tena. Bwana Pasi ni mimi. Utanashati niliuongeza. Simba ni mimi nilimsingizia, alikuwa na wiki saba hanguruma. Na yule mama wa zamu ya jioni hakuwa na kosa lolote duniani isipokuwa hakuwepo kujitetea. Ya ghorofani nilisimuliwa baadaye na Mkaguzi na Fundi. Ya humu stoo niliyatenda mwenyewe.

"Kwa nini?" Mkaguzi aliuliza, na hakufoka.

Nikamwambia. Mwaka uliopita nilipeleka shuka juu nikamkuta mgonjwa mmoja bega limechubuka kwa ile pamba mpya. Ngozi yao ile, dawa zimeifanya karatasi. Nikasema, la, hawa si watu wa kulalia magunia. Nikawa nachagua. Shuka kongwe, zilizolainika, naziweka pembeni, zangu za siri, kama nyumba yoyote inavyoweka kabatini shuka za wageni zikimngoja mtu wa maana. Bila ruhusa ya mtu. Mashine ilipokufa, shuka zote zikawa zinatoka mbichi kidogo. Za wodi nyingine hazikupata nafasi ya kuharibika, zilitandikwa siku hiyohiyo. Zile nzuri zikangoja. Na ili vumbi lisiziguse, nikazifunga nailoni.

"Mwalimu Mkuu, zilikuwa hizi?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Na dereva?"

"Ndiyo."

Hakunitia moyo, hakunitukana. Alitoa kisahani mfukoni, akakigusisha kwenye kibunda cha juu, akaandika tarehe.

Siku ile nilichemsha shuka mpya sitini, nikazipiga pasi moja moja, pande zote mbili, mpaka mvuke ukaisha. Kabati lilitolewa vipandevipande. Ijumaa saa nne asubuhi Daktari alisema jambo ambalo sote tulilijua: visahani vya shuka mpya vinahitaji siku tatu kuota, na saa sita haingoji. Ushahidi kwamba wodi ni salama hakuna. Kilichopo ni maneno ya Mkaguzi na pasi yangu.

"Basi mniletee huyo mwenye pasi," Fundi akasema.

Nilipanda ghorofa tano. Nilisimama mlangoni na barakoa, mikono nyuma kama mtoto aliyevunja chungu.

"Ni wewe ulikuwa ukikunja nane?"

"Ni mimi, mama."

"Mwalimu Mkuu alikuwa jirani yangu wa kitanda. Alinifundisha kuzidisha kwa kichwa." Akanitazama. Nilikuwa na maneno mengi tayari, miye wa maneno. Akaniwahi. "Unastaafu lini?"

"Mwezi ujao. Au leo, wakitaka."

"Si leo. Daktari, nitundikie. Lakini shuka zangu zote azipige pasi huyu, alete mwenyewe kila asubuhi zikiwa bado za moto, mpaka damu yangu ipande. Mwingine atanipigia pasi kama kazi. Huyu atapiga kama mtu aliyeua."

Sista Mkuu alikohoa. Daktari alitazama saa. Saa sita kasoro dakika nne, chupa ilitundikwa.

Siku ishirini na tatu nilipanda ngazi zile. Siku ya nne visahani vya shuka mpya vilikuwa vimerudi, vitupu kama uso wa mtoto, na mimi sikufurahi, niliendelea kupiga pasi. Siku ya kumi na moja Fundi alipata homa, na nilikaa kwenye ngazi ya ghorofa ya nne nisiweze kupanda wala kushuka mpaka Mkaguzi akaja akasema pua yake ni safi, kaakaa ni safi, homa ni ya kitu kingine na inashuka. Siku ya ishirini na tatu askari wake walirudi kwenye damu, elfu moja na mia mbili, Daktari aliwahesabu kwa sauti. Jioni ile Fundi aliondoka, binti huku, binti huku, na hakuniaga. Sikutegemea.

Kesho yake nilivaa koti langu la harusi na misiba, nikaenda nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Mkaguzi alikuwa amenielekeza njia na kuniambia hakuna sheria inayonilazimisha kwenda. Nilibisha hodi. Alifungua mkewe mwenyewe, mama mwenye miwani, unga mikononi. Nikamwambia mimi ni nani na nilifanya kazi gani. Hayo mengine, ya kabati na nailoni, nilikuwa nimeyapanga ulimini tangu alfajiri, nayo yalikuwa karibu kutoka.

"Ah, wewe ndiwe!" akasema, akafungua mlango wote. "Ingia, baba, ingia. Marehemu alizisifu sana zile shuka."